Okidi haipandwi kwenye udongo: mizizi, maji na chungu chake

Okidi ikifika nyumbani imechanua, yanayofuata mara nyingi ni yale yale. Maua hudumu miezi miwili au mitatu, kisha hupukutika. Majani huanza kulegea. Mwenye mmea huongeza maji, majani yakazidi kulegea, akaongeza tena, na kabla mwaka haujaisha chungu ki tupu. Akiomba ushauri, majibu yanagongana: huyu anamwambia amwagilie kila siku, yule mara moja kwa wiki, mwingine aweke vipande vitatu vya barafu, mwingine auhamishie mmea kwenye udongo mweusi wenye rutuba. Ndipo okidi inapopewa sifa ya kuwa mmea mgumu, wa watu wenye mkono maalumu.

Si mgumu. Ina mizizi isiyofanana na ile tuliyoizoea, basi. Anayeuelewa mzizi huo hahitaji kukariri ratiba ya mtu yeyote.

Okidi ni nini hasa

Okidi si ua moja bali ni familia nzima ya mimea yenye spishi zipatazo 28,000, mojawapo ya familia kubwa kabisa za mimea inayotoa maua. Vanila tunayoitia kwenye keki ni tunda la okidi itambaayo. Takriban spishi saba kati ya kila kumi haziishi ardhini. Huishi juu ya miti, mizizi ikiwa imeshikilia gome na sehemu yake kubwa ikining'inia hewani.

Hapa kuna dhana ya kwanza ya kuondoa. Kwa kuwa imekaa juu ya mti, wengi huiona kama kupe anayenyonya damu ya mwenzake. Okidi hainyonyi mti. Imepanda tu kutafuta mwanga, kama mtu aliyepanda dari. Maji yake hutoka kwenye mvua, umande na ukungu. Madini yake hutoka kwenye majani makavu na vinyesi vya ndege vilivyonasa kwenye panda za matawi. Mvua inanyesha, mizizi inalowa chepechepe, upepo unapita, na baada ya muda mfupi mizizi imekauka tena. Maisha yake yote ni hayo: kulowa sana, kisha kupata hewa.

Inayoonekana zaidi majumbani ni Phalaenopsis, yenye majani mapana yaliyonona na maua bapa yaliyojipanga kwenye shina lililopinda. Jina hilo lilitolewa na mtaalamu wa mimea Carl Ludwig Blume mwaka 1825, kutokana na neno la Kigiriki la nondo, kwa kuwa ua lake hufanana na nondo aliyetandaza mabawa. Maelezo mengi yaliyomo humu yanaihusu hiyo, na pale jamaa zake wanapotofautiana nitataja.

Mzizi uliovaa sponji

Chukua mzizi wa okidi ulio hai, uutazame. Ni mnene, huenda ukafikia unene wa penseli, na ukikauka una rangi ya kijivu kama fedha. Udondoshee maji: ndani ya sekunde chache unageuka kijani. Rangi hiyo inatoka ndani, kwa maana mzizi wa Phalaenopsis una kijani kile kile cha majani na hutumia mwanga kujitengenezea chakula. Kilichobadilika ni gamba la nje liitwalo velameni, tabaka la seli zilizokufa, tupu ndani, linalofanya kazi ya sponji. Likiwa kavu limejaa hewa, ndiyo maana linang'aa weupe. Likilowa hujaa maji na kuwa kama kioo, kijani cha ndani kikaonekana.

Sponji hii hufyonza upesi mno, kwa hiyo mzizi hauna haja ya kukaa majini. Ukikaa majini muda mrefu, nafasi zote za hewa hujaa maji, uhai wa ndani ya mzizi hukosa oksijeni, na fangasi na bakteria waozeshao hupata mlango. Fikiria nguo. Ukiifua na kuianika kwenye kamba, hata ukirudia kila siku, inabaki nguo nzuri. Ukiiacha imelowekwa kwenye beseni siku nne, inanuka na kuoza. Si maji yaliyoiharibu, ni kukosa upepo.

Udongo wa bustani ni beseni hilo. Chembe zake ni ndogo, zinabanana, na nafasi kati yake hushika maji badala ya hewa. Okidi iliyotiwa kwenye udongo huweza kuonekana salama mwezi mmoja au miwili kwa sababu majani yake manene yana akiba. Huko chini mizizi imekwisha kitambo. Rutuba ya udongo huo haina faida yoyote kwa mzizi usiopumua.

Maji: uliza mizizi, usiulize kalenda

Swali "mara ngapi kwa wiki?" halina jibu moja, kwa sababu chungu kikubwa hukauka polepole kuliko kidogo, plastiki polepole kuliko udongo wa kuchomwa, na chumba chenye upepo hukausha haraka kuliko kilichofungwa. Kwa Phalaenopsis kwenye vipande vya magome, muda kati ya umwagiliaji mmoja na mwingine mara nyingi huangukia siku 5 hadi 8. Lakini namba hiyo ni ya kukumbusha kwenda kutazama tu. Kinachoamua ni ishara tatu: mizizi inayoonekana kupitia chungu imekuwa ya kijivu badala ya kijani, chungu kimekuwa chepesi mkononi, na kijiti kikavu cha mbao kilichochomekwa hadi katikati kwa dakika kumi kinatoka bila unyevu. Ishara ya tatu ndiyo ya kuaminika kuliko zote, maana juu panaweza kuwa pakavu huku katikati pangali chepechepe.

Wakati ukifika, usinyunyize kikombe kimoja. Weka chungu kwenye ndoo au beseni, mimina maji ya joto la kawaida mpaka karibu na ukingo wa chungu, acha dakika 10 hadi 15, kisha inua na uache yachuruzike kabisa. Fanya asubuhi, ili matone yaliyobaki kwenye majani yakauke kabla ya usiku. Maji yaliyotuama katikati, pale majani yanapokutana, yafyonze kwa karatasi laini: Phalaenopsis huchipuza kutoka kitovu kimoja tu, na kitovu hicho kikioza mmea hauwezi kuendelea kukua kwa juu. Kama una mimea kadhaa, usiiloweke yote kwenye maji yale yale. Ugonjwa wa mmoja utawafikia wote.

Kuhusu barafu, haki isemwe. Watafiti wa vyuo vikuu vya Ohio State na Georgia walichapisha mwaka 2017 matokeo yaliyoonyesha kwamba Phalaenopsis zilizopandwa kwenye magome na kumwagiliwa kwa barafu hazikudhurika. Kwa hiyo barafu haiui. Faida yake ni kwamba inamzuia mtu kumwaga maji kupita kiasi. Upungufu wake ni kwamba maji hayo kidogo hayalowanishi magome yote, wala hayasukumi nje chumvi za mbolea zinazojikusanya. Kuloweka kunafanya yote mawili.

Mbolea iwe nyepesi. Chukua mbolea ya kuyeyuka yenye uwiano sawa wa nitrojeni, fosforasi na potasiamu, kama ile iliyoandikwa 20-20-20, na utumie robo ya kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, mara mbili au tatu kwa mwezi wakati mmea unatoa jani au mizizi mipya. Mara moja kwa mwezi pitisha maji matupu mengi. Ncha za mizizi zikiwa nyeusi na ukaona ukoko mweupe juu ya magome, hiyo ni chumvi, na mbolea imezidi.

Chungu na kinachojazwa ndani

Kwa kuwa si udongo, tukiite kijazio. Kazi yake ni mbili: kuushika mmea usianguke, na kushika unyevu huku kikiacha mianya ya hewa. Magome ya msonobari yaliyokatwa vipande ndiyo yanayotumika zaidi. Kwa mmea mkubwa, vipande vya sentimita 1 hadi 2. Kwa mche mdogo, nusu sentimita. Mchanganyiko usiosumbua ni sehemu 5 za magome, sehemu 1 ya mkaa wa kuni uliopondwa kufikia ukubwa huo huo, na sehemu 1 ya perlaiti ya chembe kubwa, ile miamba myeupe iliyopashwa moto ikafura na kuwa myepesi kama bisi. Mkaa uwe wa mti mtupu. Ule uliofinyangwa viwandani una vitu vya kugandishia.

Vipande vya makumbi ya nazi navyo vinafaa, ila mara nyingi huja na chumvi. Viloweke saa 24, mwaga maji, rudia mara tatu. Kuvumwani iliyokaushwa, inayouzwa kwa jina la sfagnamu, hushika maji mengi zaidi. Inafaa chumba kikavu au mtu anayesahau kumwagilia, mradi isishindiliwe. Muda kati ya kumwagilia hapo huongezeka hadi siku 8 au 12, na hapa ndipo wengi wanapoponzwa: wanahama kutoka magome kwenda sfagnamu bila kubadili mkono wao.

Chungu kizuri cha kuanzia ni cha plastiki inayopitisha mwanga, chenye matundu chini na ubavuni. Kinakuonyesha mizizi bila kuisumbua. Matundu yakiwa machache, ongeza kwa msumari uliopashwa moto. Ukubwa ufuate mizizi, wala si majani: mizizi ienee na ibaki nafasi ya sentimita 2 hivi pembeni. Kupenda kuupa mmea "nafasi ya kukua" kwenye chungu kikubwa ni kosa la huruma. Sehemu kubwa ya chungu hicho haina mzizi wa kunywa maji, hivyo haikauki upesi. Chungu cha mapambo kisicho na tundu kitumike kama ganda la nje tu, na baada ya kumwagilia kimwagwe maji yaliyotuama.

Wengine hutandika kokoto chini wakiamini zinasaidia maji kutoka. Maji hayatoki kwa urahisi kwenye kijazio cha chembe ndogo kwenda kwenye kokoto kubwa. Hubaki yamening'inia juu yake, kama maji yanavyobaki kwenye sponji iliyowekwa juu ya kokoto. Unachopata ni eneo lile lile bichi, limepanda karibu zaidi na mizizi.

Kupandikiza upya, hatua kwa hatua

Magome huoza. Baada ya miezi 18 hadi 24 hugeuka ungaunga, mianya huziba, na bila wewe kujua umepanda kwenye udongo. Hiyo ndiyo sababu kuu ya kubadilisha kijazio, hata kama chungu bado kinatosha. Wakati unaofaa ni maua yakishaisha na mizizi mipya yenye ncha za kijani au nyekundu ikianza kuchomoza. Usiubughudhi mmea wenye matumba, isipokuwa unaoza.

Jioni ya kuamkia siku hiyo, loweka magome mapya. Yakiwa makavu kabisa husukuma maji kando badala ya kuyafyonza. Kesho yake safisha kisu au mkasi kwa spiriti ya asilimia 70 au uupitishe kwenye moto. Usione hatua hii kama mapambo. Kuna virusi vya okidi visivyo na dawa, na vinasafiri kwenye makali kutoka mmea mmoja hadi mwingine, kwa hiyo chombo kisafishwe upya kabla ya kugusa mmea wa pili.

Loweka mmea dakika 15 ili mizizi ilainike, kisha minya chungu pande zote na uutoe polepole. Kung'uta kijazio cha zamani chote. Tazama katikati kabisa: mimea mingi ya kununua ina kidonge cha sfagnamu kilichobanana tangu ilipokuwa mche, na hicho hubaki kimelowa wiki nzima huku magome ya pembeni yakiwa makavu. Kitoe kwa vidole, taratibu.

Sasa binya mzizi mmoja mmoja. Ulio mgumu ni mzima, hata kama ni wa kahawia. Ule uliokaa gizani hupoteza kijani. Ulio laini, mtupu, unaochuruzika maji au kuambuka ganda na kubakiza uzi katikati, umekufa. Ukate hadi penye nyama ngumu. Mizizi ya hewani usiikate kwa kuona haipendezi. Ni mizizi kamili, na siku mizizi ya ndani ikioza ndiyo inayoubakiza mmea hai. Inayopindika kwa urahisi iingize chunguni, migumu iache nje.

Kuhusu mdalasini wa unga, watu husifu sana kama dawa ya vidonda. Unakausha, kweli, na kwenye jani au shina lililokatwa hauna neno. Kwenye mizizi, ukaushaji huo huo unaua sponji. Weka mizizi mbali nao.

Acha vidonda vikauke saa chache. Simamisha mmea ili kitako cha majani kikae usawa wa ukingo wa chungu, kisifukiwe. Mimina magome huku ukigongagonga ubavu wa chungu ili yashuke kati ya mizizi, bonyeza kwa vidole, ongeza. Ukishika jani na kuinua kidogo, chungu kiinuke nalo. Mmea unaoyumba husugua ncha laini za mizizi mipya kwenye magome na kuzikata kila unapotikisika. Kama bado unayumba, ufunge kwenye kijiti. Ikiwa ulikata mizizi mingi, subiri siku 3 hadi 5 kabla ya kumwagilia. Uweke kwenye kivuli chepesi wiki mbili au tatu.

Cattleya, Dendrobium na Oncidium hukua kwa namna nyingine: hutambaa kwa upande, kila chipukizi likivimba na kuwa kama tunguu la kuwekea maji. Hizi zisiwekwe katikati ya chungu. Sogeza matunguu ya zamani yagusane na ukingo, ili upande wa chipukizi jipya ubaki na nafasi ya miaka miwili. Ukitaka kugawa mmea, kila kipande kibaki na matunguu 3 au 4. Chini ya hapo kitachukua muda mrefu kabla ya kuchanua. Paphiopedilum, ambayo spishi zake nyingi huota ardhini kwenye majani yaliyooza, inataka kijazio cha chembe ndogo na isiachwe ikauke kabisa.

Majani yaliyolegea yanasema nini

Hili ndilo linalowapoteza watu wengi, kwa sababu dalili moja ina visababishi viwili vinavyopingana. Jani hulegea na kukunjamana linapokosa maji. Linaweza kukosa maji kwa kuwa hujamwagilia, au kwa kuwa mizizi ya kuyapeleka imeoza kwa maji mengi. Ni sawa na nyumba isiyo na maji bombani: huenda tangi ni tupu, huenda tangi limejaa lakini bomba limepasuka. Kuongeza maji tangini hakutengenezi bomba.

Kwa hiyo usiguse ndoo kabla ya kuangalia mizizi. Ikiwa ni migumu na ya kijivu, ni kiu; loweka, na ndani ya wiki chache majani yatajaa, ingawa mikunjo ya zamani huenda isiishe yote. Ikiwa ni ya kahawia na inapondeka, toa mmea siku hiyo hiyo, kata kilichokufa, badilisha kijazio. Hata ikibaki mizizi miwili tu, unaweza kupona. Ikiwa haikubaki hata mmoja, weka kitako chake juu ya sfagnamu yenye unyevu mdogo, ndani ya mfuko mkubwa wa plastiki angavu ulioachwa wazi kidogo, mahali penye mwanga usio wa jua kali na joto la nyuzi 22 hadi 28. Mzizi mpya unaweza kuchukua wiki kadhaa hata miezi. Kunyunyizia majani maji hakuzibi pengo hilo. Wenye kufyonza ni mizizi.

Jani moja la chini kabisa kugeuka manjano na kudondoka ni uzee wa kawaida. Manjano yakianzia juu, kitovuni, hapo ni kuoza.

Maua kuanguka si kifo, na namna ya kuyarudisha

Phalaenopsis yenye afya huchanua kila mwaka kwa miaka mingi. Maua yakiisha, tazama shina lake. Likiwa la kahawia na kavu, likate sentimita 1 au 2 kutoka chini. Likiwa bado kijani na mmea una majani manne au zaidi yaliyo imara, hesabu vifundo kutoka chini na ukate juu ya kifundo cha pili au cha tatu. Huenda tawi jipya likatoka hapo baada ya miezi miwili au mitatu. Mmea dhaifu usiulazimishe. Kata shina lote, uuache ujenge majani.

Mmea usiochanua kabisa mara nyingi umekosa moja kati ya vitu viwili. Cha kwanza ni mwanga. Nyosha mkono sentimita 30 juu ya majani wakati wa mchana: kivuli chenye ukingo mkali maana yake jua limezidi, kivuli kisichoonekana maana yake mwanga hautoshi, na kivuli chenye ukingo uliofifia ndicho kinachotakiwa. Majani yenyewe nayo husema: kijani kilichokoza kama cha mchicha ni upungufu wa mwanga, ingawa wengi hukisifu kama afya. Cha pili ni baridi ya kiasi. Phalaenopsis huanza kutoa shina la maua ikipata wiki tatu hadi sita za usiku wenye nyuzi 15 hadi 18. Nyumba yenye joto la nyuzi 28 usiku na mchana itakupa majani mazuri tu. Kusogeza mmea karibu na dirisha msimu wa baridi mara nyingi kunatosha.

Matumba yakikauka na kudondoka kabla ya kufunguka, chunguza jirani zake. Matunda yanayoiva hutoa gesi ya ethilini, ile ile inayoyaivisha, na gesi hiyo huangusha matumba. Bakuli la matunda na okidi visikae meza moja. Upepo wa kiyoyozi, ukame wa ghafla na kuhamahamishwa chumba hadi chumba hufanya vivyo hivyo.

Kwenye mikunjo ya majani na nyuma ya maua kagua vidung'ata, wadudu weupe kama vijipamba, na vidugamba, vile vinundu vya kahawia visivyotembea. Wafute kwa pamba yenye spiriti ya asilimia 70, urudie kila siku ya saba mara nne, kwa sababu mayai huanguliwa baada ya wakubwa kufa.

Wakati mwingine, badala ya ua, shina hutoa mmea mdogo wenye majani na mizizi yake. Wakulima wa okidi huuita keiki, neno la Kihawaii lenye maana ya mtoto. Uache juu ya mama yake mpaka uwe na majani mawili au matatu na mizizi kadhaa ya sentimita 5 hadi 7. Kata shina sentimita 2 pande zote mbili, uupande kwenye chungu cha sentimita 7 chenye magome madogo, na uukague kwa kijiti mara nyingi zaidi kuliko mmea mkubwa, kwa kuwa chungu kidogo hukauka upesi. Utachanua kama mama yake, rangi ile ile, baada ya miaka miwili au mitatu.